Mhanga na Lango la Matete

Paukwa!

Pakawa!

Wenyeji wapo?

Wapo!

Wageni wapo?

Wapo!

Wakae wapi?

Wakae penye nafasi!

Haya, sogeeni. Mwenye miguu mirefu aikunje. Mtoto anayelia apewe kitu atafune. Nasimulia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaulizana habari za nyumbani, palikuwa na Mhanga. Mnamjua Mhanga? Yule mwenye pua ya nguruwe, masikio ya punda na mkia wa sijui nani. Muumba alimkusanya kwa mabaki ya wenzake, lakini kucha akampa mpya. Kucha za kuchimbia! Mhanga akigusa ardhi, ardhi inafunguka. Kwaru kwaru kwaru, fuu! Kwaru kwaru kwaru, fuu! Ukigeuka kupiga chafya, ukirudi kutazama, Mhanga hayupo. Lipo shimo.

Mhanga huyu alikuwa jike, jina lake Mwatabu. Alikaa na mama yake, Nyamvula, katika nchi ya Mchangani. Walikuwa wao wawili tu. Baba alikwisha kufa, ndugu walikwisha kutawanyika.

Basi mvua ikakataa. Msimu ukapita, ikakataa. Msimu mwingine ukapita, ikakataa tena. Mchwa wakazama chini, chini, chini, hata ulimi wa Mhanga, pamoja na urefu wake wote, ukawa hauwafikii. Majani yakawa vumbi. Vumbi likawa upepo.

Mwatabu akasema, "Mama, twende Matete. Ndege wote wanaotoka kule wananuka matope."

Nyamvula akajibu, "Miguu yangu inatosha kunipeleka mlangoni na kunirudisha. Nenda wewe. Ukipata pa kuweka ubavu, njoo unichukue."

"Nikikawia?"

"Nitakungoja kwa hasira. Nenda."

Mwatabu akaenda. Jua likamla mgongo, mawe yakamla nyayo, akaenda tu. Akafika Matete.

Matete ilikuwa nchi ya maji na mafunjo. Mwenye nchi alikuwa Kiboko. Kutwa nzima Kiboko alilala ndani ya maji, ametoa nje matundu ya pua na masikio mawili, na kwa vitu hivyo vinne akatawala.

Nchi hiyo ilikuwa na lango. Ngoja niwaambie lilivyokuwa. Gogo moja, limelazwa njiani. Kulia kwa gogo, nyasi tupu. Kushoto kwa gogo, nyasi tupu. Hakuna ukuta, hakuna ua, hakuna hata mwiba wa kumchoma panya. Mtu angeweza kulizunguka huku anapiga miayo. Lakini hilo ndilo lililoitwa lango, na juu yake alisimama Korongo. Mguu mmoja chini, mguu mmoja tumboni, kama mtu anayeogopa kuuchafua. Mbele yake vibuyu vya udongo: mweupe, wa manjano na mwekundu.

"Hodi," akasema Mwatabu.

"Hodi ni ya nyumbani. Hapa ni mpakani. Umekuja kupita, umekuja kufanya kazi, au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kunywa maji."

"Hiyo haimo."

Mwatabu akafikiri. "Basi nimekuja kukaa."

"Ruhusa ya kukaa hupewa aliyekwisha kukaa. Wewe umekwisha kukaa?"

"Nitakaaje na sijaingia?"

"Kwa hiyo hujakaa. Huwezi kukaa."

"Nimekuja kufanya kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya yeyote. Najua kuchimba."

"Hapa hatuna mtu anayeitwa Yeyote. Lete jina."

"Nijue jina la nani, nami nimefika sasa hivi?"

"Basi umekuja kupita," akasema Korongo. Akachovya mdomo kwenye udongo mweupe, chap! Akampaka Mwatabu sikioni. "Hiyo ndiyo ruhusa ya kupita. Haki zake hizi hapa. Utakunywa maji. Utakula kilichoanguka, si kilichosimama. Hutalala. Hutaketi. Hutasimama. Anayesimama hapiti, na asiyepita hana ruhusa ya kupita. Umeelewa?"

Mwatabu alikuwa na kiu, lakini kiu haikumziba akili. Kila mwaka aliwaona makorongo wakipita juu ya Mchangani, wakitoka huko kusikojulikana. Akauliza, "Bwana Korongo, na wewe ulipokuja ulipakwa ipi?"

Korongo akainua shingo. "Mimi nilikuja kwa juu. Lango ni la wanaotembea."

Mnamsikia? Amekuja jana kwa mabawa, leo anamwuliza mwenye miguu amefuata nini. Na alilisema hilo kwa uso mkavu, hata nyoya halikumtikisika.

Mwatabu akaingia Matete. Chapa, chapa, chapa. Akanywa maji akitembea, maji yakamtokea puani. Akala kilichoanguka akitembea. Akasinzia akitembea, twaa! Akajigonga kwenye mti. Akaamka, chapa, chapa, chapa. Wenyeji walijilaza kivulini, matumbo juu, wakamtazama. Alipolizunguka bwawa na kutokea tena, wakacheka, "Huyooo! Anapita tena!"

Hawakuona haya. Walimtazama mtoto wa watu anasinzia huku miguu inakwenda, wakaona ni mchezo.

Akiwa katika kuzunguka huko, Nguchiro akaja akitembea kando yake. Nguchiro alikuwa na udongo mwekundu sikio la kulia, sikio la kushoto, kipaji cha uso, mpaka ncha ya pua, asije mtu akakosa kuuona.

"Mimi ni wa kudumu," akasema, kabla hajaulizwa hata jina.

"Hongera," akasema Mwatabu, chapa, chapa. "Wa kudumu maana yake nini?"

Nguchiro akafurahi. Hakuna alichokipenda kama kuulizwa hilo. "Sikiliza, mgeni. Udongo mweupe ni wa kupita, kama wako huo, pole. Wa manjano ni wa kazi. Unamfanyia kazi mwenyeji aliyekutaja, huyo huyo mmoja. Akikuacha yeye, umeachwa na nchi nzima. Mwekundu ni wa kukaa. Mwenye mwekundu analala anapopenda, anakula anachopenda, hafukuzwi ovyo. Tena anaweza kumleta ndugu mmoja."

Moyo wa Mwatabu ukaruka. "Ndugu mmoja? Hata mama?"

"Hata mama."

"Wewe umemleta nani?"

Nguchiro akatazama kushoto, akatazama kulia. "Sijamleta mtu. Ukileta mtu, wanakumbuka kwamba na wewe ulitoka mahali."

"Na barazani kwa Kiboko, unakaribishwa?"

"Nakaribishwa, kwa nini nisikaribishwe?"

"Unasema neno?"

"Nakohoa," akasema Nguchiro. "Mara moja moja. Kwa adabu."

Mwatabu akamtazama mtu huyu aliyepakwa mpaka puani. Akataka kucheka, akakumbuka mama yake. Akauliza, "Nitaupataje huo mwekundu?"

"Anza na wa manjano. Tafuta mwenyeji akutaje. Siku mwenyeji wako atakaporidhika, atakwenda kwa Korongo na kusema, 'Huyu nimeridhika naye.' Hapo unapakwa."

"Na asiporidhika?"

"Wangu mimi aliridhika alipokuwa anakata roho," akasema Nguchiro. "Bado kidogo nimkose."

Basi palikuwa na mwenyeji mmoja, Ngiri. Meno yamemtoka nje, mashavu yana vinundu, na kazi hataki kuisikia. Alilala kichakani juu ya miiba, akaamka kila siku anachomoa miiba matakoni na kuilaani nchi. Aliposikia kuna mgeni mwenye kucha, akakimbia langoni, mkia umesimama wima. "Namtaja huyo! Ni wangu huyo!"

Korongo akafuta mweupe, akapaka wa manjano, chap! "Ruhusa ya kazi. Haki zake hizi hapa. Utamchimbia Ngiri, na Ngiri peke yake. Ukimchimbia mwingine hata kitundu cha kufukia mfupa, imekufa. Shimo utakalochimba hutalala ndani, shimo ni la mwenyeji. Kichuguu cha wenyeji hutakigusa, utakula atakachokubakishia. Na siku Ngiri akisema sikutaki, unatoka jua hilo hilo."

"Na mama yangu?"

"Mama gani?" Korongo akashangaa kweli kweli. "Mwenye ruhusa ya kazi hana mama. Ana kucha."

Mwatabu akainamisha kichwa. Akachimba. Kwaru kwaru kwaru, fuu! Akamchimbia Ngiri chumba cha kulala. Ngiri akaingia kinyumenyume, matako kwanza, akakoroma. Mwatabu akalala nje kwenye umande, mkia wake ndio blanketi.

"Bwana Ngiri, umeridhika?"

"Karibu nitaridhika. Bado chumba cha mke wangu."

Kwaru kwaru kwaru, fuu!

"Bwana Ngiri, umeridhika?"

"Karibu sana. Bado chumba cha shemeji zangu."

Kwaru kwaru kwaru, fuu!

"Bwana Ngiri, umeridhika sasa?"

"Hapa hapa, naridhika sasa hivi. Bado chumba cha kununia."

"Nani amenuna?"

"Hajanuna mtu. Lakini familia lazima ijiandae."

Mwatabu akiinua sauti kidogo, Ngiri anainua kichwa kidogo. "Niende kwa Korongo?" Anauliza kwa upole, kama anayemwuliza mgeni kama ameshiba. Mwatabu anarudi shimoni. Hasira yake aliizika humo, ndani ya vyumba vya Ngiri, akaipiga na udongo. Akili ilimwambia, kila chumba kinamsogeza mama karibu. Moyo ulimwambia, kila chumba kinamkausha mama zaidi. Hakujua amsikilize nani. Akachimba.

Siku moja, jua likiwa juu, Kanga akapita mbio. Kanga huyu alikuwa jirani yao wa Mchangani. Ameingia karibuni, sikio lina udongo mweupe. Kumwona Mwatabu akapiga kelele, "Mwatabu! Mwatabu! Mama yako..." Chapa, chapa, chapa, akapotea mafunjoni.

Mwatabu akatoka shimoni. "Mama yangu nini? Kanga! Simama!"

Asimame vipi? Ruhusa yake ni ya kupita. Na Mwatabu amfuate vipi? Ngiri amekaa mlangoni, anatazama. Basi akangoja. Mhanga akangoja habari za mama yake zilizunguke bwawa la Kiboko. Akangoja. Akangoja. Mwishowe akasikia chapa, chapa, chapa.

"...anakula udongo!" akapiga kelele Kanga akipita. "Hawezi kusimama! Nikamwuliza, akaniambia..." Chapa, chapa, akapotea tena.

Mwatabu hakungoja mzunguko wa pili. Akakung'uta kucha zake.

"Unakwenda wapi?" akauliza Ngiri.

"Kumchukua mama yangu."

"Ukitoka, ruhusa imekufa. Na chumba cha kununia hakijaisha!"

"Ingia hivyo hivyo," akasema Mwatabu. "Sababu ya kununa umeshaipata."

Akapita langoni. Korongo akamkwangua udongo wa manjano sikioni, kwaa! "Kutoka hakuhitaji ruhusa," akasema, na akajiona amemfanyia wema.

Mwatabu akafika Mchangani. Akamkuta Nyamvula mdomoni mwa shimo, ngozi imeanguka kwenye mifupa kama nguo kwenye kamba.

"Umekawia," akasema Nyamvula.

"Nimekawia, mama."

"Nimekasirika."

"Najua. Jishike mgongoni kwangu."

Wakaenda. Wanatembea kidogo, wanapumzika. Wanatembea kidogo, wanapumzika. Mpaka siku moja upepo ukageuka, ukaleta harufu ya matope, na Nyamvula akainua pua yake ndefu akatabasamu. Kidogo tena, wakafika kwenye gogo. Maji yanaonekana ng'ambo pale, yanameremeta.

"Hodi... Mpakani," akasema Mwatabu.

Korongo akawatazama kwa jicho moja, akawatazama kwa jicho la pili. "Wewe ulikuwa na ruhusa ya kazi, umeiua mwenyewe. Aliyeua ruhusa hapewi hata ya kupita. Na huyu?"

"Ni mama yangu. Ana kiu. Anywe tu, arudi."

"Anaweza kutembea bila kusimama?"

Nyamvula alikuwa ameanguka chini, mgongo umeegemea gogo.

"Naona hawezi. Basi hana ruhusa ya kupita. Kazi je? Hana kucha, zimeisha. Kukaa? Hajakaa. Tena aondoe mgongo. Gogo ni la nchi."

Ngiri akaja mbio, mkia juu. Hakuja kwa ajili ya mgonjwa. "Nitamtaja tena Mwatabu! Mimi sina kinyongo. Aanze upya, kuanzia chumba cha kwanza. Kizee kibaki hapo."

Mwatabu akageuza kichwa. Nyuma ya Ngiri alimwona Nguchiro, amekuja kutazama. Akamwita, "Nguchiro! Kaka yangu! Wewe una haki ya kumleta ndugu mmoja, uliniambia mwenyewe. Na hujawahi kuitumia. Sema huyu ni shangazi yako. Neno moja tu. Atakunywa."

Wote wakamgeukia Nguchiro. Korongo akamtazama. Ngiri akamtazama. Nyamvula, ulimi umekauka mdomoni, naye akamtazama.

Nguchiro akafungua kinywa.

Akakohoa. Kho.

Kisha akageuka, akaenda zake.

Mwaona? Haki alikuwa nayo. Ilimkaukia juu ya pua.

Nyamvula akamshika mwanawe mguu. "Mwatabu. Nchi uliyoniambia ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Nimeiona. Sasa nichimbie pa kulala, hapa hapa. Nisife na jua usoni."

Mwatabu akapiga hatua moja nyuma ya gogo, upande wa nje, akaanza kuchimba. Hakujua anachimba kitanda au anachimba kaburi. Alijua tu mama ameomba. Kwaru kwaru kwaru, fuu! Machozi na mchanga vikaenda pamoja. Kwaru kwaru kwaru, fuu! Akashuka. Akashuka tena. Kwaru kwaru kwaru...

Chubwi!

Mwatabu akasimama. Akasikiliza. Akapeleka ukucha mmoja, polepole.

Chubwi!

Maji! Bwawa la Matete lilikuwa kubwa, na chini kwa chini maji yake yalijiendea, yakapita chini ya gogo, yakapita chini ya miguu ya Korongo, yakatoka nje. Hakuna aliyeyauliza yanapita au yanakaa.

Korongo akashusha ule mguu wa pili, mara ya kwanza watu kuuona. "Wewe! Acha! Huna ruhusa ya kuchimba!"

Mwatabu akatoa kichwa shimoni, pua yote matope. "Hapa nilipo ni nchi ya nani?"

"Hapo? Hapo si kwetu. Kwetu kunaanzia gogoni."

"Basi hiyo ruhusa unataka kumpa nani?"

Korongo akaurudisha mguu tumboni.

Nyamvula akanywa. Akanywa ametulia mahali pamoja. Akanywa ameketi. Akanywa amelala. Hakuna aliyemwambia atembee.

Kisha Mwatabu akamchimbia mama yake kitanda, na kando yake akajichimbia chake. Akaingia ndani. Vyumba vyote alivyochimba Matete, hakupata kulala hata ndani ya kimoja. Leo akalala ndani ya shimo la mikono yake, akasikia ardhi inamkumbatia pande zote. Alilia kidogo, kisha akakoroma kama watu wote.

Kanga, katika kuzunguka kwake, akafika karibu na gogo. Akaona. Chapa, chapa... akaruka ng'ambo, paa! Akaketi. Hakufanya jambo lingine lolote. Aliketi tu, akasema, "Aaaah."

Sauti ile ilisikika Matete nzima. Mwenye sikio jeupe akaja, akaketi. Mwenye sikio la manjano akaja, akajichimbia, akalala. Waliokuwa wakikata mafunjo wakaja. Waliokuwa wakimtoa Kiboko kupe masikioni wakaja. Kiboko akangoja, kupe wakamnenepea. Akaunguruma kutoka majini, "Korongo! Nani atanitoa kupe?"

"Wenye ruhusa hiyo wametoka, Mtukufu."

"Ulikuwa wapi walipotoka?"

"Nilikuwa langoni, Mtukufu. Nawazuia wanaoingia."

Basi adhuhuri moja mvua ikakumbuka njia. Ikaanza tone, tone, kisha ikamwagika, waaaa! Ikapiga Mchangani, ikapiga Matete, haikubagua. Vibuyu vya Korongo vikajaa maji vikamwagika, mweupe na manjano na mwekundu vikachanganyika vikawa tope moja lisilo na rangi.

Na Nguchiro? Udongo ukamshuka. Ukatoka kwenye kipaji, ukatoka masikioni, ukadondoka puani, to, to, to. Akakimbia langoni anapiga mayowe, "Nipake! Nipake upesi! Mimi ni wa kudumu!"

Korongo akamtazama. Nguchiro aliyesafishwa na mvua alikuwa mnyama mdogo wa kahawia tu. "Wewe ni nani?"

"Ni mimi! Tunaonana barazani kila siku!"

"Barazani? Sema neno, nikutambue kwa sauti."

Maskini Nguchiro! Hakuwahi kusema neno barazani. Akakohoa, kho, kho, lakini nani anamtambua mtu kwa kikohozi? Korongo akamsukuma kwa mdomo mpaka nje ya gogo. Akaenda akajikunyata kwenye shimo la Kanga, na Kanga akamsogezea nafasi bila kumwuliza kitu. Tangu siku hiyo Nguchiro hatulii. Kila mara utamwona amesimama kwa miguu ya nyuma, anachungulia kama kuna anayekuja kumtoa.

Huku nyuma vyumba vya Ngiri vilikuwa vimeingia nyufa. Aliyechimba angejua pa kuziba, lakini aliyechimba hayupo. Cha shemeji kikaanguka, bumu! Cha mke kikaanguka, bumu! Ngiri akatoka na tope kichwani, akakimbia kwenye mvua na mke wake nyuma, akaliruka gogo, akafika kwa Mwatabu. Meno yanagongana, ta ta ta.

"Mwatabu, dada yangu! Nipe pa kujificha!"

Leo amekuwa dada.

Wenye masikio yaliyokuwa na manjano wakatoka mashimoni mwao. Kanga akakanda tope haraka, akamletea Mwatabu. "Mpake! Mpake la kupita! Azunguke, nasi tutazame!" Wote wakacheka, wakapiga miguu chini. "Azunguke! Azunguke!"

Mwatabu akalichukua tope lile. Msidhani hakutamani. Alitamani sana! Aliliona sikio la Ngiri liko karibu, linadondosha maji, na mkono wake ukanyanyuka wenyewe. Akakumbuka umande. Akakumbuka alivyongoja habari za mama zilizunguke bwawa. Ngiri akafumba macho, akangoja apakwe.

Mwatabu akalitupa tope chini. Akajifuta mkono.

"Mimi si Korongo," akasema. "Ingia, na mkeo aingie. Mvua ikikatika utachimba shimo lako."

Ngiri akafumbua macho. "Mimi? Mimi sijui kuchimba."

"Utajua."

"Sina kucha!"

"Una pua. Hapa hatumchimbii mtu mwenye afya yake."

Mvua ikakatika. Ngiri akapelekwa uwanjani. Akapiga magoti, akasukuma ardhi kwa pua na meno, fu, fu, fu. Mchanga ukamwingia puani, akapiga chafya, shimo likajifukia. Akaanza tena. Nyamvula, ambaye miguu yake ilikwisha kupata nguvu, aliketi kando yake na mchwa wake, anakula mmoja mmoja, anamtazama kwa raha zote za dunia.

"Bado," akamwambia. "Hapo hata panzi hajifichi. Endelea."

Ngiri akaendelea. Magoti yakamchubuka, yakaota sugu. Kuchimba vizuri hakujua mpaka leo. Lakini hata leo, mkimwona Ngiri anakula porini, mtamwona amepiga magoti chini, anasukuma ardhi kwa pua. Sasa mmejua alipofundishwa.

Na Korongo je? Bado yuko kwenye gogo. Nchi nzima imekuwa ikilizunguka gogo kwa kulia na kwa kushoto, wakitoka kwenda kwa Mwatabu kuomba maji safi. Yeye amesimama katikati, mguu mmoja tumboni, analinda.

Funzo ni hili, na silifungi kwa kitambaa. Ukimkaribisha mtu kwa ajili ya mikono yake tu, ukamnyima pa kulala, ukamnyima kauli, ukamfungia mama yake mlango, usijidanganye kwamba umempa haki. Umemwazima kamba ya kujifungia. Siku atakapoikata, mikono yake itaondoka naye, na wewe utabaki kulinda gogo. Na wewe uliyepewa haki, itumie kumsaidia mwenzako ingali mkononi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwao. Aliyenuna, chumba kipo, ajitegemee kukimalizia.

Haya, tulale.